Wawili Waliosoma Tangazo

Ukitaka kuficha jambo kijijini kwetu, liandike vizuri kwa herufi kubwa, kisha ulibandike kwenye mlango wa duka. Hakuna atakayelijua. Nasema hivi baada ya kuandika karibu maisha yangu yote. Sasa nimekuwa bibi mzee, lakini hasira yangu imekataa kuzeeka.

Nilikuwa naandikia magazeti. Nilikaa Sultan Hamud miaka mingi nikituma habari za Makueni: mahindi yaliyokauka kabla ya kuchanua, shule isiyo na maji, korongo linalokula mashamba ya watu. Mhariri wangu alikuwa mpole. Alikuwa akinijibu kwa upole kwamba habari ya korongo ni nzuri sana, lakini je, yule mhubiri aliyefumaniwa kwenye chumba cha lojingi, nina picha yake? Korongo lilitoka ukurasa wa ndani likiwa limekatwa kichwa na mkia. Mhubiri alitoka mbele. Na mama aliyekuwa akiniuzia nyanya kando ya barabara, ambaye hununua magazeti makuukuu ya kufungia bidhaa, alikuwa na desturi ya kuchana kwanza kurasa za umbea na kuzitia mfukoni mwa aproni. Siku hiyo nyanya zangu zilifungwa kwa korongo. Nilifika nyumbani nikajisomea mwenyewe nilichoandika.

Nilipochoka nilirudi kwetu Kitui, upande wa Tulia, nikidhani nimeachana na mambo hayo. Kikundi cha maji kikanifanya katibu kwa sababu nina kalamu.

Mto wetu ni mchanga mtupu. Maji hupita siku chache wakati wa mvua, halafu yanazama. Wazazi wetu walijenga ukuta wa mawe kukatiza mto, mchanga ukajaa nyuma yake, na mchanga huo ndio tangi letu. Hata kiangazi kikikaza, ukichimba hapo unapata maji. Lakini mvua iliyopita ilikuwa imeanza kula ukingo pale ukuta unaposhikana na ardhi. Mafuriko yakipita pale mara moja kwa nguvu, mto utauzunguka ukuta, mchanga wote utaondoka, na sisi tutarudi kwenye kisima cha mbali, cha kutoka na punda alfajiri na kurudi jua likiwa utosini.

Saruji tulikuwa nayo. Fundi alisema ataanza mawe yakishafika. Kilichokosekana ni mikono ya kuyabeba, na kazi ya namna hiyo kwetu ina jina lake, mwethya: kila boma linatoa mtu, na mtu anakuja na jembe lake. Basi nikaandika tangazo. Nilianza na usipoziba ufa utajenga ukuta, nikijua hata asiyependa kusoma ataitambua methali. Nadhani waliitambua, wakaishia hapo. Nililibandika dukani, nikalituma pia kwenye grupu ya kijiji kwenye simu. Watu walinijibu "amina". Mmoja aliniandikia Mungu akubariki kwa kazi njema. Niliuliza nani atakuja Jumatatu, mtu akatuma habari ya mwanasiasa fulani aliyeonekana hotelini na mke wa mwenziwe, na simu yangu ikalia mpaka betri ikaisha.

Nimejiuliza sana ni kwa nini. Labda kwa sababu ukisoma habari ya ukuta, unatakiwa ubebe jiwe. Ukisoma habari ya mke wa mtu, hutakiwi kufanya lolote ila kutikisa kichwa.

Jumatatu tulifika watatu. Mmoja alikuwa mjane anayeuza mboga sokoni, mwimbaji wa kwaya, mwanamke asiye na maneno mengi. Wa pili alikuwa mzee aliyestaafu udereva wa malori, ambaye mkewe ni muuguzi Machakos na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa wa tatu. Mzee alileta wilibaro na chupa ya uji. Tulibeba mawe mpaka saa sita. Jioni goti langu likavimba, na Jumanne likanikatalia kabisa kuinuka. Kwa hiyo Jumanne wakaenda wawili. Jumatano pia wawili. Laiti ningekuwa na goti zima, wasingebaki wawili peke yao, nami nisingekuwa na la kusimulia.

Alhamisi mke wa shemeji yangu alikuja kunijulia hali. Huyu tangazo langu hakulisoma, ingawa hununua sukari kwenye mlango uleule. Alikaa, akauliza goti, hakusubiri jibu. Akaniuliza kama nimesikia yanayoendelea mtoni. Nikamwambia nimesikia, ni mimi niliyeyaandika. Akanisogelea.

"Sio hiyo ya mawe. Wanakunywa uji na kikombe moja."

Nilimweleza kwamba chupa ya uji ina kifuniko kimoja, na kifuniko ndicho kikombe, na kwamba Jumatatu hata mimi nilinywea hichohicho. Alinitazama kwa huruma. Lisemwalo lipo, akasema, na kama halipo laja. Alipoondoka hakwenda kwake, alishika njia ya mtoni.

Hakuwa peke yake. Walianza kupita na mbuzi ambao hawajawahi kunyweshwa pale. Wengine walipita na panga, eti wanatafuta kuni, kwenye ukingo usio na mti. Lakini kusimama tu na kutazama wenzako wakibeba mawe ni aibu kwetu, hata kwa mmbea. Lazima ushike kitu. Basi wakashika mawe. Ijumaa walikuja na majembe, maana mtu mwenye jembe anaweza kukaa mtoni siku nzima bila kuulizwa. Jumamosi wazee wa kanisa walikuja kushuhudia kwa macho yao, na walipoona watu wote wanafanya kazi, wakavua makoti. Nilipelekwa huko kwa pikipiki na goti langu. Nikakuta mwethya kamili, nyimbo, vumbi, masufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, yanachemka, fundi anaita maji ya kuchanganyia. Wiki nzima nilikuwa nimewaomba watu kwa maandishi fasaha. Kifuniko cha chupa kiliwaleta kwa siku mbili.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Na nilikasirika. Jirani mmoja aliniambia, jasho likimtiririka, kwamba ningesema mapema kuna kazi kubwa hivi, wangekuja tangu Jumatatu. Nilikuwa natafuta waliokuja tangu Jumatatu. Mzee dereva alikuwepo, anataniwa, anapigwa bega, anacheka kidogo na kuendelea na wilibaro yake. Mjane hakuwepo.

Nilikuja kusikia kwamba akina mama wa kwaya walikuwa wamemwomba akae chini kwanza, asiimbe, mpaka mambo yaeleweke. Hakuna aliyemwomba mzee akae chini popote. Mkewe alikuja mwisho wa mwezi, akasikia yote kabla hajafika mlangoni, akauliza chupa yake ya uji iko wapi, akakiosha kifuniko, basi.

Mvua ikaja. Mto ulishuka usiku ukinguruma, na asubuhi tulienda kutazama. Ukuta ulikuwa umesimama na ukingo umeshika. Mchanga ulikuwa umelowa mpaka juu, na watu walipiga makofi na kuomba. Mimi nililia. Tangu hapo maji tunayo, wanawake huchota asubuhi na jioni wakiwa wamekaa kwenye ule ukuta, wakiongea.

Mjane hachoti pale. Anakwenda kisima cha mbali na punda wake, kile tulichokuwa tunakikimbia. Nilijikokota mpaka kwake kumuuliza. Alinipa kiti, akaendelea kuchambua kunde. Akaniambia akishuka mtoni mazungumzo yanakatika, na akipanda yanaanza tena. Heri punda, haulizi kitu. Nilimwambia kijiji kizima kinakunywa jasho lake. Nilimwambia wangemshukuru kama wangekuwa na akili. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mama, si ni wewe uliandika watu wakuje? Mimi nilisoma, nikakuja."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Ningependa angenitukana.

Nilirudi nyumbani nikaandika tangazo jingine. Sikutia methali. Niliandika kwamba ukuta umepona, kwamba watu wa kwanza kuitikia walikuwa wawili, kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nao na goti ndilo lililonirudisha, kwamba kikombe kilikuwa kimoja kwa sababu chupa ni moja, na kwamba tuna deni la kumwomba mwenzetu msamaha. Niliandika mara tatu kabla halijaniridhisha. Nafikiri halijapata kutoka mkononi mwangu andiko safi kuliko hilo. Nililibandika dukani, nikakaa kwenye benchi ng'ambo ya njia nione.

Watu waliingia kununua chumvi, wakatoka. Walinunua mkate, mafuta ya taa, kadi za simu. Mke wa shemeji yangu aliegemea mlango, bega lake likifunika aya ya kwanza yote, akimweleza mwenye duka kuhusu binti wa mtu fulani. Jua lilipanda. Karibu na saa tano mtu mmoja anayetoka sokoni alisimamisha punda, akasogea mlangoni, akasoma taratibu mpaka mstari wa mwisho. Alikuwa ni yule mjane. Akaniona pale kwenye benchi, akaniinamishia kichwa kwa heshima kama anavyofanya siku zote, akafunga vizuri kamba za mitungi na kuendelea na njia ya kisima cha mbali.