Mahindi ya Chini ya Kikapu

Nakumbuka siku moja ya sikukuu ya mavuno, mwanangu, kanisani kwetu huku mlimani juu ya Same, nilipompunja Mungu mbele ya watu wote na asinione hata mmoja. Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa. Tulikuwa tumevuna vikapu kumi vya mahindi, na tangu utoto nilijua kwamba kikapu cha kumi ni cha Bwana. Hesabu hiyo sikuichezea. Nilichochezea ni kilichomo ndani.

Mahindi mapya yote niliyatundika darini, juu ya moshi wa jiko, kwa sababu nilitaka tuyauze tununue bati. Jirani alikuwa ameshaezeka bati, na mimi kila nikiliona paa lake moyo uliniuma. Basi kikapu cha kanisani nikakijaza punje za mwaka wa nyuma, zilizobunguliwa hadi zinatoa unga zenyewe. Juu nikatandaza viganja vitatu vinne vya punje nzuri. Nikajiambia kwamba vitu vitapigwa mnada baada ya ibada kama kila mwaka, atakayenunua atasaga, atapika ugali, yameisha. Mwenye kosa hakosi la kujiambia.

Mwaka ule hapakuwa na mnada. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na familia kadhaa za kwetu zilikuwa zinateremka tambarare, upande wa Bendera, kuanza kijiji kipya. Mzee wa kanisa akasimama, akatangaza kwamba malimbuko yote watapewa hao yawe mbegu, maana mtu humpa Mungu kilicho bora, na mbegu iliyo bora kuliko hiyo wangeipata wapi? Kisha nikaona kikapu changu kinawekwa mbele ya shangazi Nakijwa.

Huyo ni dada wa baba yangu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki, naye sasa alikuwa mjane asiye na mtoto mwingine. Kati yangu na yeye palikuwa na hatua chache tu. Ningeweza kumnong'oneza, nikakimbia nyumbani kumbadilishia. Lakini mama mkwe wangu alikuwa amesimama pale pale, na nilikuwa nimevaa kitenge kipya, basi nikaona aibu, nikanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Shangazi akaniaga, akajitwika kikapu, akashika njia ya kuteremka.

Mvua ziliponyesha sikupata raha, nikamfuata. Mashamba ya wenzake mahindi yalikuwa yamefika magotini. La kwake lilikuwa udongo mtupu, mche hapa na mche pale, ile miche ya punje zangu za juu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kigoda na uji aliouomba kwa jirani. Nikaanza kulia mwenyewe, naye akaniacha nilie hadi nikamaliza.

"Kikapu nilikijua tangu kanisani," akasema. "Ususi ule nilikufundisha mimi. Ndiyo maana sikuzikagua mbegu. Nilisema, hizi zimetoka kwa mwanangu."

Yale mazuri ya darini tulikuwa tumeshayauza. Nikaokoteza debe moja kwa majirani, tukapanda naye, lakini mvua ikakatika mapema na yote yakakauka yangali machanga. Shangazi, ambaye hakuwahi kuacha mpita njia apite na njaa, mwaka ule alikula kwa kubisha hodi kwa watu. Homa ikamchukua kabla ya mavuno mengine. Sisemi kwamba mahindi yangu ndiyo yaliyomuua, kwani homa ya tambarare ilichukua wengi. Lakini alikufa akiwa ombaomba, na hilo ni langu. Bati tulilinunua, nalo ndilo hili lililo juu yetu. Mvua ikilipiga, huwa natoka nikakae barazani.

Mwanangu, kutoa ni moyo, umeusikia msemo huo tangu utotoni. Mimi nakuongezea hili: fungu la kumi ukilitimiza kwa kuhesabu tu, bado hujatoa. Unachompa Mungu hakibaki madhabahuni; kinashuka kwenda kwenye shamba la mtu, na mtu huyo hatakikagua, kwa kuwa anakuamini. Kabla hujatoa, zamisha mkono mpaka chini ya kikapu. Na kama umeshatoa kibaya, sema kingali mlangoni, hata kama mama mkwe anatazama.

Mungu akupe mavuno, mwanangu, na akujalie mkono usioona uchungu kuanza na kilicho chema. Na yeyote atakayepanda ulichompa, kiote.