Tulivyoiombea msamaha wa kodi nyumba ya wagonjwa Kwedizinga, na swali lililotuponza

Wakuu wa baraza hili, kwema? Wazee wangu shikamooni.

Haya ninayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Atakayesema nimetia chumvi aje Kwedizinga, nitamwonyesha nyumba yenyewe.

Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nimechoka.

Mnaoijua njia ya Handeni kwenda Korogwe mnajua inavyopitisha watu tangu gari moshi lifike huko. Vibarua wa bara, Wasukuma na Wanyamwezi, wanateremka kwenda kwenye mashamba ya Wadachi. Wengine wanarudi makwao miguu imeoza kwa vidonda. Anayezidiwa njiani wenzake wanamwacha pale alipoangukia, na kwetu wameanguka wengi.

Bi Mwajuma, mjane wa jirani yangu, alichoka kuwakuta wamekufa majanini. Akatuita watu wa mtaa, tukaanzisha chama.

Chama chenyewe hakina makubwa. Wanaume tulijenga nyumba ya udongo kando ya njia, wanawake wanapika uji. Mgonjwa analazwa mpaka apone, akifa tunamzika. Haulizwi dini wala kabila. Sisi wengi ni Waislamu, ila Yohana yumo, seremala Mkristo aliyehamia kwetu kutoka Mpale.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka msimu wa kodi. Akida akapita anahesabu nyumba, na ile akaihesabu. Tukamweleza kwamba hakuna anayeishi mle. Akasema nyumba ni nyumba, ina paa.

Hapo ndipo Yohana akatoa wazo. Kule misheni, alisema, kanisa halitozwi kodi kwa sababu si la mtu, ni la kusaidia watu. Sasa yetu ina kosa gani? Twende bomani tukaombe msamaha.

Nikachaguliwa msemaji kwa kuwa nimesoma Kurani chuoni kwa mwalimu na mkono wangu unaandika. Laiti ningejifanya kipofu siku hiyo.

Bomani tulipokewa na karani, kijana wa pwani mwenye kanzu safi kuliko dhamiri yake. Neno chama tu lilimshtua. Tangu vile vita vya kusini, watu weusi wakikaa pamoja wakakubaliana jambo, wakubwa hawalali. Nikala yamini kwamba sisi kazi yetu ni uji na kuzika.

Akauliza, "Nyumba ni ya nani?"

Nikajibu, "Ya wote."

Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. Kumbe ameelewa kwamba kila mwanachama ana nyumba mbili, ya kwake na ile. Akida aliporudi, kila mmoja wetu akadaiwa kodi ya nyumba ya pili.

Jamani. Tulikwenda kuomba kupunguziwa kodi moja tukarudi na kodi ya kila kichwa. Wanachama wakaanza kunikwepa njiani, na mmoja akamtuma mkewe kuja kuniambia hajawahi kuwa mwanachama.

Sikukata tamaa. Tulisikia Bwana Shauri, yule Mdachi mkubwa wa boma, atakuwa Korogwe kusikiliza mashauri. Mimi na Yohana tukafunga safari kwa miguu, tukakaa juani na watu wa kesi za mipaka na mahari mpaka tukaitwa. Karani ni yule yule, ndiye mkalimani. Swali nalo ni lile lile.

Safari hii nilijiona mjanja. Nikasema, "Haina mwenyewe."

Kwetu ukisema kitu hakina mwenyewe, maana yake yeyote mwenye shida akitumie. Karani akatafsiri anavyojua. Bwana Shauri akatabasamu, akagonga muhuri.

Karani akatugeukia. "Kitu kisicho na mwenyewe ni cha serikali. Na nyumba ya serikali hailipi kodi. Si ndicho mlichotaka?"

Msamaha tukaupata, na nyumba ikaenda.

Haukupita muda askari wakaja na magunia ya mbegu za pamba. Ndani alikuwa amelala Msukuma mmoja, Masanja, mguu umevimba mpaka pajani. Wakambeba wakamweka nje. Bi Mwajuma akamlaza jikoni kwake, kwenye moshi, na Masanja akafia humo. Mbegu zikabaki zimelala pakavu.

Nililia kwa hasira siku ile, sioni aibu kusema.

Baada ya kumzika, Bi Mwajuma akaniambia nimpeleke bomani. Tulipofika, karani akauliza swali lake. Nikafungua mdomo, mama wa watu akanishika mkono.

"Ni yangu, baba. Mimi mjane, sina mtoto, nguvu zimekwisha. Andika, nikalale."

Karani akamtazama. "Kumbe ina mwenyewe. Mbona siku zote hamsemi?" Akaandika kwamba mjane mzee asiyejiweza hatozwi kodi, magunia yatolewe. Hata sijakaa vizuri kwenye benchi, kazi imekwisha.

Mniambie, wakuu, kuna akili hapo? Watu wazima tukiungana kusaidia wagonjwa, tunatozwa. Mtu mmoja akisema ni changu na sina uwezo, anasamehewa. Funzo nililopata: mkitaka kuanzisha jambo la kheri, kabla ya kutafuta jina la chama, tafuteni nani ataitwa mwenyewe.

Wagonjwa wamerudi ndani. Yupo mmoja zaidi sasa, Bi Mwajuma. Homa imemkalia kifuani, na amelazwa karibu na mlango. Akifa, nyumba haina mwenyewe tena, na magunia yanajua njia.

Kwa hiyo kila jioni chama kizima tunakwenda kumwombea, hata wale waliokuwa wananikwepa. Yohana naye anasali kwa namna yake pale kizingitini.

Jana Bi Mwajuma akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Mnaniombea mimi," akauliza, "au mnaiombea nyumba?"

Mimi nilitoka kwenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Mwenye bibi mjane, mzee, asiyejiweza, aliye tayari kuhamia Kwedizinga, aseme hapa. Lakini kabla ya hilo, nisaidieni wakuu. Jioni nakwenda tena kwake, na nina hakika ataniuliza. Nimjibu nini?