Mwenye Majina

Jumatatu moja nilifungua mlango wa chumba cha kufulia, hapa kwetu Liverpool, kitongoji cha Sydney, Australia, nikapigwa na harufu ya nyumbani. Haikuwa ya chakula. Zilikuwa buti za mjukuu wangu wa kike, Tumaini, kazivua kaziacha pale na tope lake, na kwenye soli ya moja limeganda jani la kangaga, yale majani ya kivulini yanayopenda maji. Nikalibandua, nikalinusa. Ubaridi, ukijani, na kitu kama chuma kilicholowa. Nikageuza ndoo nikaikalia.

Tumaini anasoma chuo kule Kensington, na wikiendi hupanda treni na wenzake kwenda milimani, magharibi ya Sydney, kutembea kwa miguu mpaka kwenye maporomoko ya maji. Mpango wote anao kwenye simu: saa ya treni, njia, mvua itanyesha saa ngapi. Yeye huniongelesha Kiingereza zaidi, mimi namrudishia Kiswahili, na tunaelewana kuliko watu wengi wanaosema lugha moja. Jioni ile nilimkuta mezani akipanga safari nyingine, maporomoko marefu kuliko ya kwanza.

"Mnaenda na nani?"

"Marafiki tu, Bibi. Grupu ya chuo."

"Hao marafiki tu hawana majina?"

Akacheka, akadhani natafuta habari za mchumba. Sikuwa natafuta mchumba, jamani. Ngoja niwaeleze kwa nini bibi mzee aliyeishia darasa la pili, ambaye herufi alizipata ukubwani kwenye kisomo cha ngumbaru, akisikia watu wanakwenda kwenye maji huuliza majina kwanza.

Nilizaliwa Usambara, upande wa Lushoto, ambako shamba limesimama kama ukuta na mtu akidondosha kabichi huenda kuiomba kwa jirani wa chini. Kila mwaka masika yakiisha, wasichana wa ukoo wetu walikwenda kwenye maporomoko kukata ukindu wa kusukia mikeka. Mahali penyewe hapakuwa na jina. Tulisema tu "kwenye maji", na kila mtu alijua ni maji gani.

Safari aliipanga Shangazi Mwanahawa, dada wa baba, mwanamke mwembamba ambaye sikuwahi kumwona akikimbia wala akichelewa. Aliitumia siku tatu. Asubuhi alitazama ukungu umelala wapi mlimani, jioni alikaa kizingitini na ungo mapajani, akapanga maharage. Kila harage lilikuwa mtu. Mwajabu alikuwa jekundu, kwa kuwa hasira zake zilikuwa karibu. Tabea, dogo jeupe. Halima, lenye madoa. Eliza, jeusi linalong'aa, na mwenyewe alilionea fahari. Aliyapanga kwa mstari jinsi tutakavyotembea: mwenye miguu mirefu asitangulie, mwenye woga asiwe mwisho, Halima na Mwajabu wasifuatane maana watasimama kucheka. Hakuhesabu. Kwetu mbuzi ndiye anayehesabiwa. Mtu hutajwa.

Na kutaja ilikuwa kazi ya mmoja wetu, aliyeitwa mwenye majina. Kwenye maji hamuitani, sauti haifiki hata hatua mbili. Kwa hiyo kazi ikiisha, mwenye majina alipita kwa kila mmoja alipokuwa akikata, akamshika bega, akamtajia jina lake sikioni. Ukishikwa bega ndipo unafunga mzigo na kupanda. Usiposhikwa, huondoki. Hata kiza kije, hata nyoka aje, hapo hapo. Ndiyo ilikuwa amri.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kama kumi, na baba alikuwa amenitoa shule nimlee mdogo wangu. Zaina, binti wa baba mkubwa, alibaki shule. Alikuja kwa Shangazi na penseli juu ya sikio na daftari lenye majina yetu yote, yamesimama sawasawa kama miche ya vitunguu.

Shangazi akalitazama daftari kwa heshima. "Vizuri sana, mwanangu. Na likilowa, utasoma nini?" Kisha akaniangalia. "Raheli, shika majina."

"Huyu?" Zaina akasema. "Hata la kwake hajui linaanzia wapi!"

Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, maana usipocheka watajua limekuingia. Lilikuwa limeniingia mpaka kwenye mifupa.

Tuliondoka umande haujakauka, Shangazi mbele, mimi mwisho, na Zaina mbele yangu, kwa kuwa harage lake, la kijivu, lilipangwa pale. Njia nzima nilitazama visigino vyake. Kisha, kabla sijasikia chochote, nilisikia tumboni. Ardhi ilikuwa inatetemeka. Majani yalitikisika na upepo haupo. Tukakata kona na maji yakawa mbele yetu.

Nimeona mengi tangu hapo. Nimeona ndege ikinyanyuka nami ndani yake. Lakini mtoto yule aliyesimama pale na mdomo wazi sijawahi kuwa tena. Maji yalitoka mahali ambapo nilidhani ni mbinguni tu, hayakwisha, na hayakumwomba mtu ruhusa. Niliyatazama sana, nilipohamishia macho kwenye jabali la pembeni nikaliona linapanda, polepole, jiwe zima linakwenda juu. Nikaamini kwa moyo wote kwamba mlima unakua na kwamba nimeuona kwa macho yangu. Nilitaka kumwambia mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa Zaina, na Zaina sikutaka kumwambia kitu.

Tulikata ukindu mpaka jua likavuka. Shangazi akanipungia mkono. Nikaanza kupita: Eliza, Halima, Tabea, Mwajabu. Zaina alikuwa peke yake chini ya mwamba, amenipa mgongo. Nilifika mahali ambapo mkono ungeligusa bega lake. Nikapita. Sikupanga. Nilitaka tu, kwa dakika moja, na yeye awe mtu asiyetajwa.

Dakika moja ikawa ndefu. Tulitwika mizigo tukapanda, na ukiwa na mzigo wa ukindu kichwani hugeuki nyuma, kwa hiyo hakuna aliyejua ila mimi. Kwenye kijito Shangazi akauliza kama kawaida, "Majina yapo?"

"Yapo," nikajibu.

Tukaendelea. Ukungu ukaanza kushuka kutoka juu, ule mzito unaofuta miti mmoja mmoja. Mbele yangu palipaswa kuwa na visigino vya Zaina, na pale palikuwa na njia tupu. Njia tupu ile ilinitazama. Nikatupa mzigo.

"Shangazi! Jina moja halipo."

Hakuuliza lipi. Alitazama mstari mara moja tu, akawaketisha wengine pale pale, akamwambia Mwajabu asimruhusu mtu ainuke, akanishika kifundo cha mkono. Tulirudi kwa mwendo wake ule ule, bila kukimbia. Ningeona nafuu angenipiga.

Tulipofika kwenye kona, akaniachia. "Nenda. Wewe ndiye mwenye majina."

Nikashuka peke yangu. Ukungu na moshi wa maji vilikuwa vimekuwa kitu kimoja, juu hakuna, chini hakuna, ila ule mngurumo tu. Nikapiga kelele, "Zaina!" Sauti ikatoka kinywani mwangu na sikuisikia hata mimi mwenyewe. Ndipo nilipojua ukubwa wa mahali pale. Mara ya kwanza niliyastaajabia maji. Mara hii nilistaajabu jinsi mtu alivyo mdogo, na jinsi ilivyo rahisi asiwepo. Nikaenda kwa kupapasa mawe, nimeshajua nitakachokikuta, yaani mahali patupu.

Alikuwa pale pale. Amekaa juu ya mzigo wake, mikono kwapani, midomo imekuwa ya kijivu, kangaga zimemgandia miguuni. Hakuwa amesogea hata hatua. Nikamshika bega, nikamtajia jina sikioni. Akainuka, akatwika, akatangulia.

Tulipofika mahali sauti inaposikika, akasema, "Umechelewa." Basi.

Shangazi hakumwambia mtu. Mwaka uliofuata alitoa ungo, akapanga maharage, akasema, "Raheli, shika majina." Nilidhani amesahau, kama watoto wanavyodhani wakubwa husahau. Nimekuwa mtu mzima ndipo nimejua kwamba pale kizingitini alimchagua mtu ambaye hataruka jina tena maisha yake yote. Nami sijaruka. Niulizeni majina ya majirani wote wa Lushoto, na ya waliokuwa nasi kwenye ndege, na ya manesi walionihudumia hapa. Ninayo.

Lakini la Zaina nililijua mwisho kabisa. Alikuwa mwalimu, akastaafia Korogwe, na mtandao ulipotuletea video tukawa tunazungumza kila Jumapili, wajukuu wakitushikia simu. Siku moja, tumeshazeeka wote wawili, nikamwambia kweli: sikuchelewa, dada. Nilikuacha.

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuona, wewe! Kitambaa chako cha njano kilinipita hapa, karibu kiniguse. Ningeinuka nikakufuata. Nikasema, nikiinuka mwenyewe, Raheli atakuwa ameniacha kweli. Nikikaa, atakuwa amechelewa tu."

Nimelizungusha neno hilo kichwani tangu siku ile. Mtoto wa miaka kumi, kwenye baridi ile, alikaa akinitunzia nafasi ya kurudi.

Zaina alitangulia mbele ya haki mwaka jana.

Wikiendi iliyopita Tumaini alinichukua. Yako maporomoko ambayo gari linafika karibu, na njia ina vyuma vya kushikilia. Walikuwepo marafiki zake, Wanjiku, Furaha wa Bukavu na Baraka, na Tumaini wangu, na mkoba wangu ulikuwa na maharage manne ndani ya kitambaa, pamoja na moja la kijivu. Nilisimama kwenye vyuma nikayatazama maji mpaka jabali likaanza kupanda. Bado linapanda, ndugu zangu. Machozi yakanitoka kwa furaha.

Muda wa kuondoka ulipofika nilipita kwa kila mmoja, nikamshika bega, nikamtajia jina sikioni. Hawakucheka. Kisha nikageukia yalikotoka maji, nikanyanyua mkono, nikauweka hewani, kwenye urefu wa bega la msichana aliyekaa.

Tumaini akanisogelea, akaninong'oneza kwa Kiswahili, yeye aliyezoea kunijibu Kiingereza: "Bibi, tumetimia?"

"Ngoja kidogo, mama. Yupo mmoja nimemchelewea."