Almasi ya Shemeji

Fundi Lenzi hakuwa mtu wa maneno mengi, mpaka mteja amuulize kwa nini almasi ndogo inauzwa ghali kuliko kubwa. Hapo kazi zote zilisimama. Alivuta kiti, akajaza bilauri mbili za maji, moja akaitia tone la chai, kisha akaziweka juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha.

"Maji safi ni yapi?" aliuliza, na mteja akacheka, maana hata mtoto angejibu.

"Basi almasi ni hivyo hivyo. Iliyo nyeupe kabisa ni adimu, zenye umanjano zimejaa tele. Halafu chungulia ndani: hii ina doa, hii haina. Halafu mkato. Aliyekata hii ndogo alikubali kupoteza nusu ya jiwe ili mwanga ukiingia ukurudie machoni. Wa hii kubwa alikuwa bahili, akaiacha nene tumboni, mwanga unaingia na kupotelea humo."

Miaka thelathini na mmoja alikaa katika chumba kile kile nyuma ya duka la sonara, mbele ya meza yenye kingo ili jiwe likiponyoka lisikimbie. Sakafu aliifagia mwenyewe kila jioni, na vumbi lake akalichekecha kabla ya kulitupa. Alikuwa na sharti moja tu, na kwa sharti hilo alikuwa mkali kama pilipili: jiwe halipimwi likiwa ndani ya pete. Dhahabu hulitia jiwe rangi yake, na kucha za pete, vile vijino vinavyolishika, huweza kuficha doa. Mafundi wenzake walidhani ni ukaidi tu. Hawakujua alilijifunza wapi.

Asubuhi moja dada yake mkubwa aliingia pamoja na binti yake, mshonaji, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa akitafuta chumba cha kuweka vyerehani vyake. Chumba kilikuwa kimepatikana na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita. Binti akaitoa pete ya mama yake kwenye leso na kuiweka mezani.

"Mjomba, mama amekubali tuiuze. Baba alikuwa akisema almasi yake ni nyeupe kama maji, na kwamba wewe ndiye uliyemchagulia."

Fundi Lenzi aliitambua pete kabla ya kuigusa. Ni kweli alimchagulia. Alikuwa na mwaka mmoja tu kazini, na shemeji yake, fundi seremala, akaja na akiba yote ya milango aliyotengeneza. Naye kwa ubingwa wake wa mwaka mmoja akaipima almasi ikiwa ndani ya pete, chini ya taa ya duka, akaapa kuwa ni nyeupe. Miezi sita baadaye pete ililetwa kukazwa. Alipolitoa jiwe alikuta lina umanjano, na chini ya kucha moja palikuwa na doa jeusi. Akalirudisha, akaisafisha pete, akanyamaza. Aliona aibu, na aibu ile haikupungua hata shemeji alipofariki.

Sasa akapiga hesabu upesi. Akiba anayo. Angeinunua pete mwenyewe kwa bei ya jiwe jeupe, binti apate chumba, na siri ifie mezani pale. Usimcheke. Wengi wetu tungefanya hivyo na kujiita wema.

"Nitainunua mimi," alisema.

"Ngoja, mjomba. Nifundishe kwanza bei inatoka wapi. Sitaki kuuza kitu nisichokijua."

Akamtazama binti, akazitazama zile bilauri. Kuzitumia kusema uongo hakuweza. Akajaza maji, akatia tone la chai, akaeleza yote kama alivyozoea, ila safari hii sauti ilikwaruza. Kisha akafungua kucha za pete, akalilaza jiwe kifudifudi juu ya karatasi, na kando yake akaweka jiwe jeupe kutoka kwenye droo.

Binti aliinama akatazama kwa muda. "Mjomba, hili letu ndilo lile la chai."

"Ndilo. Na lina doa. Thamani yake ni robo ya ile mnayofikiria. Nilikosea, na nimejua tangu wewe hujazaliwa. Nisameheni."

Dada yake hakushtuka. Alikuwa akiikunja leso.

"Shemeji yako alijua," alisema. "Fundi mwingine alimwambia, mwaka ule ule."

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Alisema ukijua utaiacha kazi, na ndiyo kwanza umeanza kuipenda. Akasema nami ninyamaze. Wewe si uliona alivyokuwa akikuletea watu?"

Aliona, kwani hakuona? Kila mwanamume wa upande ule aliyetaka kuoa, seremala alimleta mwenyewe mpaka kwenye meza hii, akasimama nyuma yake kusikiliza habari za bilauri mbili, na akacheka pale pale kila mara, miaka nenda rudi. Fundi Lenzi alivua miwani, akalia bila kujificha.

Alipotulia alisema, "Kodi ya chumba nitalipa mimi."

"Lipa kama mjomba wake," dada yake akamjibu. "Deni ulishasamehewa zamani."

"Basi pete haiuzwi," binti akasema. "Irudishe, mjomba."

Akalirudisha jiwe mahali pake. Lakini kabla ya kukaza kucha aliligeuza kidogo, doa likakaa wazi kati ya kucha mbili. Dada yake akaivaa, akausogeza mkono dirishani, akalitafuta lile doa mpaka akaliona.