Vijiwe vya Bwana Kofia

Nilipokuwa mtoto, Kasongo nzima haikuwa na macho makali kama yangu. Kwa hiyo haya sikusimuliwa na mutu, niliyaona mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho.

Wabelgiji walikuwa wangali wanatawala. Nje ya mji, kwenye njia ya Kabambare, palikuwa na makaburi matatu ya wafanyabiashara Wayahudi. Mmoja wao alifuliwa nguo na bibi yangu miaka mingi. Tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu kofia hakuivua hata akila. Alituchanganya akiwa hai, akatuchanganya alipokufa. Sisi Waislamu tulisema: nguruwe hali, lakini msikitini haji. Watu wa misheni walisema: ni Mzungu, lakini msalaba hana. Basi akalazwa kando, na kaburi likabaki mikononi mwa bibi, niliyemwita Koko.

Koko alilipalilia na kulifagia kama ua wake. Mara kwa mara alikuta vijiwe juu yake, akavifagilia majanini. Kwetu, anayempiga maiti mawe humwamsha, na maiti akiamka huenda kulalamika kwenye nyumba aliyoizoea. Ndipo mdogo wangu Amisi akashikwa na homa. Hanyonyi, hata kulia halii.

"Wee! Ni wewe na manati yako unamupiga Bwana wangu mawe?"

"Hapana, Koko! Haki ya Mungu!"

"Mutoto akikufa, tutajua mawe iko ya nani."

Ningekaaje na neno hilo? Asubuhi nikajificha nyuma ya kichuguu. Hata chui angepita, nisingetikisika. Mara akaja Mzungu mwenye kofia ileile, pua ileile. Bwana Kofia mwenyewe! Akaokota kijiwe, akakiweka juu ya kaburi lake mwenyewe! Nilikimbia mpaka kwa Koko, naye akaja na ufagio mkononi.

"Bwana, weye ni ndugu yake, pua inasema," akamwambia. "Alikukosea nini, unamutupia mawe?"

Mzungu akajibu kwa Kiswahili cha dukani: "Mama, kwetu maua hapana. Tunaweka jiwe, ajue tulifika."

Ufagio ukamponyoka Koko. "Yoo! Kumbe nafukuza wageni wake wote!"

Tukapekua majani mpaka jua likawa utosini, Mzungu naye kapiga magoti. Jiwe moja, naapa, lilitoka majanini likajiviringisha lenyewe mpaka kaburini. Kisha Mzungu akampa Koko vidonge vya kinini kwa ajili ya Amisi.

Jioni Amisi akanyonya. Mama akasema ni kinini. Koko akasema ni mawe. Mimi, pamoja na madarasa yangu machache, mpaka leo sijui niseme nini. Nikipita njia ile naweka kijiwe, na sijui hasa namwekea nani: Bwana Kofia, au Koko.

Ila lile lililojiviringisha, hilo nililiweka mimi kaburini kwa mkono wangu. Nami nilitaka ijulikane kwamba nilifika.