Mama Alijua Mwisho Kabla Yetu

Mama yangu hakukasirika. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe, akiniona nimeshika karatasi, hutaka aambiwe kwanza mambo yanaishia wapi, ndipo akae vizuri asikilize. Hakukasirika, na sikumwibia kitu. Lakini niliishi siku sita nikiamini nimemwibia, na siku hizo bado zina alama ndani yangu, kama pale lilipokaa jiwe, ambapo nyasi hubaki njano hata baada ya jiwe kuondolewa.

Ilikuwa Itigi, miaka ile vitu vya nje vilipoanza kuingia nchini kwa wingi na maduka yetu mawili yakaanza kuuza sabuni za rangi tatu. Reli nayo ilikuwa inapunguza watu. Jirani yetu, aliyekuwa gadi wa treni tangu ujana wake, alipunguzwa, akapewa kiinua mgongo, akarudi kutoka Dar es Salaam na televisheni, deki ya video na jenereta dogo lililokohoa kabla ya kuwaka. Wenzake walinunua mashine za kusaga. Watu wakasema mzee kachanganyikiwa.

Hakuchanganyikiwa. Kila Jumapili saa nane mchana alifungua sebule yake, na mtaa mzima ukaingia. Wakristo walikuja na vigoda vyao moja kwa moja kutoka kanisani, Waislamu wakaja wakitoka msikitini, na kina mama wakatandika mikeka mbele. Gadi alivaa kofia yake ya kazi, akapuliza filimbi ileile aliyokuwa akiruhusia treni kuondoka, ndipo akabonyeza deki.

Kanda zililetwa na rafiki yake aliyebaki kazini kwenye behewa la chakula. Ndugu wa huyo rafiki alirekodi tamthilia kule Dar, kanda zikazunguka kwa watu, na zilipofika kwetu, watu wa Dar walikuwa wamekwisha kulia, wamefuta machozi, wamehamia tamthilia nyingine. Sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunaanza kulia. Kwa hiyo gadi aliweka sheria moja, akaisema kila Jumapili: "Anayejua ya mbele akae nayo tumboni. Akiyatoa, anashuka stesheni hii hii."

Tamthilia yenyewe ilitoka mbali, kwa watu wa nywele ndefu na nyumba zenye ngazi, na maneno yake yalikuwa yametiwa Kiingereza. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilikuwa kidato cha tatu huko Kiomboi, na nikiwa likizo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa sebule; shule zikifunguliwa walibaki kukisia wenyewe. Nilikaa kando ya televisheni kwenye ndoo iliyopinduliwa, midomo ya wale watu ikicheza, mimi nikisema kwa Kiswahili. Mama aliketi mkeka wa mbele, akimgeuzia bibi kizee aliyeketi pembeni yake maneno yangu kwa Kinyaturu, taratibu, kama anayemlisha mtoto.

Lazima niseme kidogo juu ya mama. Baba alifia kazini, kwenye gangi ya kutengeneza reli, nikiwa darasa la tatu. Tangu hapo mama aliuza asali stesheni, akikimbia kutoka dirisha moja la treni hadi jingine na chupa zilizozibwa kwa magunzi. Kucheka kwake kulipungua kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Hayakukauka, ila ulihitaji kamba ndefu. Jumapili peke yake ndiyo nilimwona anapaka mafuta mikononi na kukaa bila kazi. Ile sebule ilikuwa starehe yake moja. Nilikuwa najua hivyo, na ndiyo maana nilichokifanya kiliniumiza.

Hadithi ilikuwa juu ya mwanamke mfuaji nguo ambaye mumewe alikwenda kufanya kazi kwenye visima vya mafuta, baharini. Kila baada ya muda barua inafika: nisubiri, nitarudi. Mwanamke anasubiri. Shemeji yake, mdogo wa mume, anamletea kuni, anamtengenezea paa, anakaa kimya. Mtaa wetu wote ulikuwa unamsubiri huyo mume. Muuza maandazi wa stesheni, mwanamke mwenye sauti ya kuita treni irudi, alikuwa ameapa kwamba siku mume akishuka kwenye meli yeye atagawa maandazi bure.

Mimi nilikuwa najua kwamba hashuki. Bwenini Kiomboi, mwenzangu wa kitanda cha juu alipata barua kutoka kwa dada yake wa Dar, na dada alikuwa amemwandikia tamthilia nzima, kurasa nne: mume alikufa mapema kabisa, na barua zote zinaandikwa na shemeji. Nilizisoma kurasa zile mara mbili. Nikarudi likizo na siri hiyo, nikakaa nayo juu ya ndoo Jumapili mbili bila shida.

Jumapili ya tatu mwanamke alipokea barua. Aliketi mlangoni, akaisoma kwa sauti, uso unang'aa. Mimi nikawa natafsiri huku namtazama, na moyo wangu ukawa unamhurumia, nikasema:

"Shemeji anamwandikia kwamba atarudi kabla ya mvua."

Sikusikia nilichosema. Nilisikia ukimya.

"Shemeji?" akauliza muuza maandazi. "Shemeji gani tena? Si barua ya mume hiyo?"

"Nilitaka kusema mume."

"Hukutaka kusema mume. Wewe mtoto, nitazame! Mzee, hebu simamisha hiyo deki!"

Gadi akasimamisha. Picha ikaganda, mwanamke wa watu kafunua mdomo, mistari myeupe inampita usoni. Watu wote wakanigeukia. Ningeweza kudanganya, lakini nilikuwa nimeanza kulia.

"Amekufa?" akauliza muuza maandazi kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nayo.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi umenimalizia utamu wangu wote," akasema. "Wote! Miezi minne nasubiri mtu kumbe nasubiri kaburi!"

Sebule ikalipuka, huyu anasema nifukuzwe, yule anauliza nani basi atatafsiri. Katikati ya makelele yale nilimwona mama anainuka. Alikunja mkeka wake nusu, akauacha, akavuta kitenge mpaka karibu na macho, akatoka bila kunitazama.

Siku sita. Nyumbani hakulitaja jambo lile. Alinisalimia asubuhi, akanipa kazi zangu, akachuja asali. Mimi niliosha chupa mpaka nikaogopa kioo kitatoboka. Kila nikitaka kuomba msamaha niliona mgongo wake ukitoka nje ya sebule, na maneno yakarudi chini. Niliwaza: nimemuua mume wa mama mara ya pili. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilipenda sentensi za namna hiyo, lakini ile niliiamini.

Jumamosi nikambebea chupa kwenda stesheni. Kwa kawaida alikwenda peke yake, na nilipojitolea alisita kidogo, kisha akasema haya. Treni ya kutoka Dar ilikuwa imechelewa, ikaingia mchana, na kabla haijatulia dirisha moja likashushwa na mwanamke mnene, mfanyabiashara wa vitenge wa kwenda Kigoma, akatoa kichwa.

"Mama Asali!"

"Dada, karibu asali. Ya msituni, haina sukari."

"Asali yako naijua. Haya niambie, mmefika wapi na yule shemeji? Si nilikwambia mume kafa? Nilikwambia au sikukwambia?"

Mama akamkonyeza. Mwanamke hakuona.

"Tena ukanilambisha vijiti vitatu vya asali ndipo nikakwambia na mwisho wake! Mama Asali wewe, ungefanya kazi ya upelelezi!"

Chupa moja ilinitoka mkononi. Haikuvunjika, iliangukia mchanga. Mama akaitazama chupa, akanitazama mimi, halafu akawa na sura ya mtoto aliyekutwa na sukari midomoni.

Treni ilipoondoka tuliketi juu ya mataruma ya reli ya zamani yaliyorundikwa kando ya njia.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Tangu wewe uko Kiomboi."

"Na Jumapili ukaondoka."

"Ningekaa, wangeniuliza. Mimi ndiye ninayeshinda hapa na abiria. Uso wangu haujui kuficha. Gadi angenishusha na mkeka wangu." Akapangusa mchanga kwenye ile chupa. "Nilikuona unalia nikasema atanyamaza. Kumbe ulikuwa unalia wiki nzima?"

"Nilidhani nimekuharibia."

Akacheka kidogo. Kisha akageuka kutazama reli.

"Siku ya baba yako nilikuja hapa na chakula kwenye hotipoti. Nilivaa kitenge kipya. Wenzake wa gangi walishuka mmoja mmoja, wote wanatazama viatu vyao, na mimi natabasamu. Natabasamu tu. Alishuka wa tano, bado natabasamu. Kila mtu hapa alikuwa anajua isipokuwa mimi na meno yangu." Akaviweka vifuniko vya magunzi sawasawa. "Kulia sikukataa. Ila kule kutabasamu sikukupenda. Sasa nauliza kwanza. Nikishajua, nakaa zangu, nalia vizuri."

Niliegemeza kichwa begani kwake, palipokuwa na harufu ya moshi na nta, na kitu kilichokaa kifuani tangu Jumapili kikanitoka kwa pumzi moja ndefu, mpaka akauliza kama naumwa.

Jumapili iliyofuata nilitegemea sebule tupu. Ilijaa kuliko siku zote. Muuza maandazi alikuwa wa kwanza, tena mbele kabisa, na tangu deki ilipoanza hakumtazama mwanamke hata mara moja, alimtazama shemeji. "Kidole! Oneni kidole chake, kina wino!" Watu wakaona. "Jumapili ile alipomsaidia kuanika chupi kwenye kamba pia kilikuwa na wino, mimi nilidhani ni rangi ya paa!" Wakaanza kukumbushana yote yaliyopita, kila ukimya wa yule kijana, kila mzigo wa kuni, kama wanaookota shanga walizokuwa wakizikanyaga. Gadi alipuliza filimbi mara tatu kuwanyamazisha.

Ndipo ukaja mwisho wenyewe. Shemeji anasimama mlangoni, ameshindwa kubeba tena, anamwambia mwanamke kila kitu. Mwanamke anaendelea kukunja nguo. Kisha anainua uso. Hili barua ya bwenini haikuwa nalo, na mimi nilikuwa nalisikia mara ya kwanza.

"Anasema," nikatafsiri, "anasema, nilijua. Tangu barua ya pili nilijua kwamba si yeye."

Yule mwanamke akaongeza maneno machache. Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Sebule nzima ikanisubiri.

"Mkalimani!" akaita gadi. "Anasemaje?"

Na kutoka mkeka wa mbele, kwa sauti ya taratibu, mama yangu ambaye hakujua neno moja la Kiingereza akasema:

"Anasema, lakini uliandika vizuri."

Ilipita kama pumzi tatu kabla watu hawajaelewa.

"We Mama Asali!" muuza maandazi akaruka juu. "Kumbe! Kumbe mwizi tumekaa naye mkeka mmoja!"

"Nani kakwambia? Abiria gani?" mwingine akadakia.

"Shuka! Mzee, mshushe huyo!"

Gadi aliweka filimbi mdomoni apulize, akashindwa, kwa maana alikuwa anacheka. Na mama, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, kitenge kikiwa kimemwanguka mabegani, alikuwa anacheka naye, kwa sauti, mdomo wazi, meno yote nje, mbele ya watu wote.