Pakiti ya Maharagwe Ukweni

Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia. Lori likisimama mpakani, mimi ndiye ninayejaza fomu za kueleza kilichomo ndani, na katika kazi hiyo nimeona vitenge vikiandikwa vyandarua na mafuta ya kupikia yakiandikwa sabuni. Ungedhani mtu wa namna hiyo angekuwa wa mwisho kuamini maandishi ya pakiti. Basi nisikilize.

Mwili wangu hauelewani na ngano. Daktari mmoja wa Tororo aliniambia kuna kitu kiitwacho gluteni, kimo ndani ya ngano na shayiri, na kikiniingia tumboni, hata kiasi cha vumbi tu, nitakiona cha mtema kuni. Nikaachana na chapati, na kwa mtu wa Busia, ambako chapati huanza kunukia kabla jua halijachomoza, hiyo ni talaka nzito. Mke wangu nilimwapisha asimwambie mama yake. Sikutaka kujulikana ukweni kama mwanamume wa kudekeza tumbo.

Shida ni kwamba ukweni, huko karibu na Rubongi, upande wa Uganda, mkwe wa kiume haingii jikoni. Hazungumzi ana kwa ana na mama mkwe, wala hali mbele yake. Anakaa sebuleni, chakula kinaletwa, na anayekataa chakula amemkataa aliyekipika. Sasa utamuulizaje mama usiyethubutu hata kumtazama usoni kama mchuzi wake umetiwa unga wa ngano ili uwe mzito? Halafu kuna ule ugali wa wimbi, laini, wenye harufu ya kunitoa udenda. Wimbi lenyewe halina kosa, lakini nilijua mashine ya pale senta, penye maduka, inasaga lolote linaloletwa, ngano ikiwemo. Pakiti, nikawaza, naweza kuihoji. Ina orodha mgongoni.

Kwa hiyo kwa miaka mitatu nilikwenda ukweni na pakiti za chakula kilichopikwa tayari, nilizonunua dukani upande wa Kenya. Wali na dengu, maharagwe na viazi. Unachana, unakula hata baridi. Wanawake wakiwa jikoni, chakula cha mama nilimpa mbwa wao kupitia dirishani. Kisha nilitangaza kwamba natafuta mtandao wa simu, nikachepuka hadi nyuma ya shamba la mihogo, nikala kwa kijiko cha plastiki nikiwa nimechuchumaa. Mbwa akanenepa. Sahani zilirudi jikoni safi, na mke wangu akaniambia mama anafurahi sana kuona ninavyokula.

Jumapili moja mwaka jana nilibeba maharagwe ya rojo. Mbele palikuwa na picha ya maharagwe, mgongoni orodha: maharagwe, maji, nyanya, vitunguu, chumvi. Chini ya chumvi, duka lilikuwa limebandika stika ya bei. Mimi, ambaye nikiona stika juu ya boksi la mteja huibandua kwanza ndipo nisaini, nilikula bila kubandua.

Saa haikuisha. Tumbo lilinguruma, likakaza, likanipeleka chooni mbio mbele ya mashemeji waliokuwa wamekaa uani. Kila nilipopita niliwasalimu upya, maana heshima si utumwa. Mara ya nne niliacha kusalimu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na pakiti. Katika mbio zile ilinidondoka mfukoni, na aliyeiokota ni mama mkwe.

Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi sebuleni nilipomsikia nje, nyuma ya ukuta, akizungumza na binti yake kwa sauti ya kunifikia. Hivyo ndivyo mama mkwe anavyozungumza na mkwe wake.

“Uliza mkwe wetu, hii kitu ndio amekula leo?”

Mke wangu akachungulia dirishani. Nikaitikia kwa kichwa.

“Amekubali, mama.”

“Mimi nimetoa hii karatasi ya bei. Chini yake wameandika unga ya ngano. Yeye hakuona?”

Nilitamani kochi linimeze. Kisha nikashtuka: habari za ngano amezijulia wapi? Nikamkazia macho mke wangu, naye akayainamisha yake.

“Mama nilimwambia kabla ya harusi,” akasema. “Wewe uliniapisha nikiwa nimeshasema. Siku unakuja, ngano haiingii hapa jikoni. Hata wimbi yako hapeleki kwa mashine. Anasaga mwenyewe na jiwe, siku mbili nzima kabla hujafika. Alikataa nikwambie, eti utaona haya.”

Mama mwenye mvi, amepiga magoti juani, anasukuma jiwe siku mbili kwa ajili ya matonge yangu, nami nayatupa dirishani. Niliona aibu iliyoniuma kuliko lile tumbo. Na uchungu zaidi ni kwamba nilikuwa nimekula vya pakiti miaka mitatu karibu na chungu kilichopikwa kwa ajili yangu peke yangu.

Nje, mama akakohoa kidogo.

“Uliza yeye. Ile ugali yangu ya miaka tatu, ilikuwa namna gani? Ilikuwa tamu?”

Uongo nilikuwa nao tayari mdomoni, uongo wa adabu, unaopokelewa ukweni kokote bila maswali. Mke wangu aliniangalia akiungoja. Ningeusema, na mama angelala na furaha yake.

“Mwambie,” nikasema, “sijawahi kuuonja.”

Hakukuwa na haja ya kumwambia, mama alikuwa amesikia. Kisha nikasikia hatua zake zikielekea nyuma ya jikoni, na punde si punde, jiwe likaanza kusaga wimbi.